Kipimo cha Kidole Gumba

Fundi wa baiskeli wa Makongeni hakutumia rula hata siku moja. Alichomeka kidole gumba kwenye tundu la ekseli ya pedeli, akafumba macho kama anayesali, kisha akatangaza: "Hii ni ya Mwingereza. Ya Mchina haiingii." Halafu akachukua ya Mchina, na nyundo. Karani Nzivo, aliyerithi baiskeli hiyo kwa babake, alikunja uso kwa kila pigo. Ekseli iliingia, lakini mkono wa pedeli ukakwama kwenye fremu. Fundi aliinama, akautazama kwa muda, akajipangusa grisi polepole. "Kazi yangu iko sawa, bwana. Babako ndiye aliyeizoesha vibaya." Nzivo aliisukuma hadi nyumbani, akimwomba marehemu msamaha njia nzima.