Vioo vyangu vimetazama ndani

Leo nimeharibu taa yangu ya vioo mbele ya Madam Akinyi, mwalimu wetu wa ufundi.

Yeye ndiye anayechagua kazi moja ya kwenda mashindano ya kaunti.

Mashine ya leza hukata kioo cha plastiki kikiwa kimelala kifudifudi, kwa hivyo mchoro hugeuzwa kwanza kwenye kompyuta. Nilisahau. Nilipounganisha vipande, vioo vyote vilitazama ndani, nje ikabaki migongo ya kijivu.

"Hiyo sasa ni debe la unga," Chebet, mwenzangu wa dawati, akanicheka.

Nilikaribia kulia.

Madam akawasha balbu, akachungulia kwenye tundu la waya. Akaniita nami nichungulie. Ndani, balbu moja ilijirudia kioo kwa kioo, bila mwisho.

"Ulipanga hivi?"

"Hapana, Madam. Nilikosea."

"Basi uandike hivyo kwenye fomu ya kaunti."

Nimeshika kalamu tangu saa kumi. Watu wa mtaa wetu wa Kapsoya, ninyi mngeanzaje kuijaza?