Nondo Asiyejua Kuruka

Fundi alikuwa na chumba kimoja tu cha kushonea, na shemeji yake akakijaza viwavi.

Fundi alikuwa akishona tangu usichana wake, kwanza kwa shangazi yake, baadaye kwa cherehani yake mwenyewe, na mtaa mzima ulimtegemea kwa sare za shule. Shemeji, kaka wa mumewe, alishika kila kazi na hakuna iliyomshika. Safari hii alikuja na mayai ya nondo wa hariri na maneno mengi. Cherehani ikahamishiwa karibu na jiko kwa sababu, eti, mtikisiko unawashtua watoto wake.

"Watoto!" Fundi alifyonya. "Shem, hebu niambie, hawa wadudu wako kwao wapi?"

"Hawana kwao. Wamefugwa enzi na enzi, hata porini hawapatikani tena. Wanaishi popote mtu alipopanda mforosadi, wale majani yake."

"Na wakishakuwa nondo?"

"Hawaruki, hawali. Wanataga, wanakufa."

Fundi alimtazama kuanzia kandambili hadi kichwani. Kiumbe chenye mabawa kisichoruka, na utotoni kinangoja jani liletwe mdomoni! Na anayekihudumia ni mtu mzima, naye anangoja chai kitandani.

"Mvumilie," mumewe alisema, akiangalia dari. "Ni kaka yangu."

Shule zilikaribia kufunguliwa. Sare zilinuka vitunguu, wazazi wakaanza kununa. Kisha mforosadi wa uani ukabaki fito tupu. Shemeji akawapa viwavi kabichi, maana kwake jani ni jani. Waliinua vichwa, wakagoma, wengine wakafa hivyo hivyo. Yeye akaketi pembeni akilia hadi kamasi.

Fundi hakumbembeleza. Alikwenda mtaa wa pili kwa mjane muuza mkaa, mwenye miforosadi nyuma ya nyumba.

"Mwenzangu, nina mfugaji anatafuta majani. Na pa kulala."

Mjane akacheka. "Anakula sana?"

"Kupita wadudu wake. Na anaongea mchana kutwa."

"Aongee tu. Nyumba yangu imepoa mno. Mlete."

Fundi alibeba masinia ya viwavi mwenyewe, shemeji akafuata na godoro kichwani. Mjane alimpokea begi, akamwita baba. Fundi alimwonea aibu mwanamke mwenzake, ila hakumwambia kwamba huyo hata chai huletewa kitandani.

Alirudi mbio, akafagia kinyesi cha viwavi, akairudisha cherehani chini ya dirisha. Mumewe aliporudi na kuuliza kaka yake yuko wapi, Fundi alimjibu bila kuinua mguu kwenye pedeli:

"Kafuata majani."