Mhina wa Bi Mdogo

Kuletewa mke mwenza nilijua nitastahimili, maana mama yangu alistahimili na bibi yangu pia. Kilichonishinda ni mhina wake.

Mume wangu alikuwa karani wa ghala la mkonge enzi za Mwingereza, nasi tukikaa Rasbura, pale Lindi. Alikwenda Kilwa Kisiwani kuwaona jamaa zake, akarudi na mke wa pili. Sikulia. Nilipika wali, nikampokea mgeni, watu wakanisifu kwa moyo wangu mkubwa. Moyo gani? Ndani nilikuwa nawaka.

Bi mdogo alikuja na sanduku, mkeka, na vijiti vitatu vya mhina alivyovifunga kwenye gunia bichi. Akavichomeka nyuma ya nyumba penye changarawe, mahali ambapo hata mchicha ulikataa. Viwili vikafa. Cha tatu akakinywesha mpaka kikashika, halafu basi, akakiachia jua. Kiangazi kizima hakukipa hata kata moja ya maji. Nikajisemea, mvivu huyu, mti utamfia. Wapi. Ukawa kichaka cha majani madogo madogo na miiba, na wanawake wa mtaa wakaanza kuja na vikapu: "Bi mdogo, tugawie hina." Mlango wangu wakaupita kama hauna mtu.

Basi na mimi nikapanda wangu. Niliuweka karibu na kisima, nikautilia samadi ya mbuzi, na kila asubuhi debe zima la maji. Ukanenepa, ukatoa majani mapana, ukaupita wake kimo. Kila nikiutazama mti wangu nilimwibia yeye jicho, nione kama roho inamuuma. Siku moja akaniambia, "Bi mkubwa, huo unaunywesha mno." Nikamjibu kwamba wenye husuda hawakosi la kusema. Mimi huyo ndiye niliyesema hivyo.

Kisha binti yangu, mtoto wangu wa pekee, akachumbiwa. Kwetu hina ya bi harusi haichezewi. Ikikolea, wanasema mkwe atampenda. Isipokolea, ataanza kutafutiwa kasoro siku ile ile anayoingia. Na mama mkwe aliyempata alikuwa mwanamke wa kufunua hata vyungu vya watu. Mwanangu akaniomba kwa sauti ya chini, "Mama, tuchume ya mama mdogo." Nikamkatia maneno. Nikamwambia ataolewa kwa hina ya mti wa mama yake, na akitaka nyingine aende akazaliwe na mwingine.

Asubuhi ya siku moja kabla ya harusi nilichuma mwenyewe, nikatwanga, nikakamulia ndimu, nikampaka. Adhuhuri tukabandua. Viganja vilikuwa vya manjano, kama vya mtu aliyeshika bizari. Mwanangu aliitazama mikono yake, akaificha ndani ya kanga. Afadhali angenitukana.

Nilitoka uani nikamkuta bi mdogo yuko kinuni anatwanga. Alikwisha kuchuma kwenye mti wake bila kuambiwa.

"Mhina ukishiba maji unazaa majani, hauzai rangi," akasema, hata uso hakuinua. "Unataka uteswe kidogo."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, nami sikuambiwa. Nilichukua ndimu nikakaa kando yake, nikakamua. Tukampaka pamoja, yeye mkono wa kulia, mimi wa kushoto.

Ilipofika magharibi hina ilikuwa imekolea, nyekundu inayokaribia weusi. Kesho yake mama mkwe aliishika mikono ile, akaigeuza huku na huku, akauliza mbele ya wanawake wote hina hiyo imetoka kwa nani. Bi mdogo, aliyekuwa akigawa halua, akajibu kabla yangu: "Ya mama yake. Kaupanda mwenyewe mti."

Vigelegele vikapigwa. Wakaja kunipa mkono mmoja mmoja, nami nikaupokea kila mkono, nikasema alhamdulillahi.

Watu husema jambo kama lile ndilo linalomaliza uke wenza. Labda kwa wengine. Mimi nilikaa pale nikitabasamu, nikimwonea wivu kuliko siku zote, maana wema ulikuwa wake na mimi nilibaki na sifa.