Serikali ya Mtu Mmoja

Yeslem ould Heiba alikuwa mtu wa kukaa peke yake hata palipojaa watu. Kila mwaka serikali ya Mauritania ilimtuma kwenye mazungumzo ya tabianchi, na kila mwaka alifika na sanduku moja, joho moja la buluu la kuvaa ukumbini, na yeye mwenyewe. Mataifa makubwa yalikuja kama watu waendao harusini: wanasheria, wanasayansi, waandishi, hadi wa kubeba makoti. Vikao vilipokuwa vinne kwa wakati mmoja, wao waligawana vyumba. Yeslem agawane na nani? Alikimbia kutoka huku kwenda kule, joho likipepea, na mara nyingi akifika huambiwa, "Hilo tumeshalimaliza, mheshimiwa."

Upweke wake ulikuwa na sura ya pili. Nchi yake ilihesabiwa katika makundi mawili. Katika kundi la majirani wanaosema lugha moja, wenye visima vya mafuta ndio walionena, naye akaitikia. Katika kundi la nchi maskini walimpokea kwa tahadhari, maana walijua asubuhi ameamkia wapi. Wale walimwona fukara, hawa wakamwona jasusi. Chakula cha mchana alikula amesimama.

Mwaka huo, mjini Marrakesh, alipata mwenzake, kama tunaweza kumwita hivyo. Salka mint Embarek, muuza samaki wa Nouakchott na mkuu wa chama cha wanawake wa pwani, alikuja kwa tiketi ya shirika la hisani. Vyama havina kibao cha jina mezani kama nchi. Watu wake hukaa nyuma, husikiliza, na serikali zikishashiba maneno, nao hupewa dakika mbili. Salka alimwita Yeslem "Serikali", mbele za watu, bila haya.

"Serikali, umekula?"

"Nitakula baadaye."

"Serikali gani hii inayoshinda na njaa! Ukianguka hapo, nchi nzima imeanguka."

Kwao walikuwa mtaa mmoja. Tuta la mchanga linalozuia bahari isiingie mjini lilikuwa limebomoka mbele ya mtaa huo, na msimu uliopita maji ya chumvi yalilala chumbani kwa Salka. Ulitakiwa ukuta, na fedha za kuta zilikuwa katika mfuko wa kimataifa uliokuwa ukijadiliwa hapo Marrakesh. Rasimu ilisema fedha hizo ni za visiwa "na miji iliyo chini ya usawa wa bahari". Maneno hayo ya mwisho Yeslem ndiye aliyeyapigania mpaka yakaingia, ila yalikuwa bado kwenye mabano, yaani hayajakubaliwa. Kazi iliyobaki ilikuwa moja: ibara hiyo ikisomwa, awe kitini. Huko hawapigi kura. Mwenyekiti huuliza kama kuna pingamizi, na asipoona kibao cha nchi kimesimamishwa, hugonga nyundo.

Siku yenyewe, baada ya swala ya adhuhuri, Yeslem alikuwa akielekea ukumbini aliposhikwa mkono na Daktari Ghanim, kiongozi wa ujumbe wa nchi moja tajiri katika lile kundi la majirani.

"Ndugu yangu Yeslem! Nimeletewa chai na mnanaa, na hawa watu wangu wanaichemsha kama dawa ya kikohozi. Nikasema, Mmauritania tunaye hapa hapa, tunateseka kwa nini?"

"Nina ibara yangu, Daktari."

"Ya kumi na moja? Wako ya nne, bado wanagombania mkato. Njoo bwana, utuheshimishe."

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwomba kitu, isipokuwa asogeze kiti. Akaenda. Simlaumu sana, ingawa namlaumu. Mtu mwenye kiu ya watu humfuata yeyote anayemwita ndugu.

Alikaa zuliani pao, akakunja mikono ya joho, akamimina kutoka juu, glasi hadi glasi, mpaka povu likasimama. Ya kwanza ilikuwa chungu, wakaisifu. Kwenye ya pili wakamuuliza habari za marehemu mkewe, naye akasimulia vituko vyake, akashangaa kujisikia anacheka. Simu ikatetemeka mfukoni. Alijua ni Salka. Lakini kwao chai ni glasi tatu, na mpika chai anayeinuka kabla ya ya tatu amewavunjia heshima wote waliokaa. Simu ikatetemeka tena. "Hii ya mwisho tu," alijiambia, akaongeza sukari. Sikio la kufa halisikii dawa.

Alipofika ukumbini walikuwa ibara ya kumi na tatu. Salka alikuwa amesimama ukutani, mlinzi kando yake.

"Wameyafuta," alisema. "Msaidizi wa huyo Ghanim wako alisimamisha kibao, akasema tufupishe ibara, fedha hazitoshi miji yote. Mwenyekiti akatazama huku na huku. Nikapiga kelele. Huyu hapa akaniambia, mama kaa, wewe si nchi."

"Salka..."

"Nilikitazama kiti chako, Serikali. Nilikitazama mpaka nyundo ikalia."

Baadaye Yeslem alimfuata Ghanim ngazini. Yule bwana hakumkwepa. Alimshika bega, na machoni mwake mlikuwa na huruma ya kweli, jambo lililomuumiza Yeslem zaidi.

"Siasa ni siasa, chai ni chai, ndugu yangu. Na chai ile sitaisahau."

Kikulacho ki nguoni mwako.

Kesho yake ikawa zamu ya vyama. Wajumbe wengi walikuwa wameshakwenda sokoni kununua zawadi, na wakalimani walikuwa wakifunga mikoba. Yeslem alikuwa kitini. Salka alieleza juu ya tuta, juu ya maji ya chumvi, juu ya samaki wanaoanikwa mapaani kwa sababu uwanja hauishi kulowa. Kisha akasema, "Mtauliza mbona nchi yetu haikupinga. Nchi yetu ni mtu mmoja. Jana alikuwa mgonjwa."

Alimsitiri. Mwanamke ambaye nyumba yake inaliwa na bahari alitumia dakika yake ya pili kumsitiri yeye. Yeslem aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akasimamisha kibao.

"Mauritania," mwenyekiti alisema kwa mshangao.

"Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nakunywa chai na watu waliotaka nisiwepo, na sikutaka kuondoka. Naomba iandikwe kwamba kiti chetu kilikuwa kitupu."

Mwenyekiti alimwinamia karani, wakanong'onezana.

"Tumekusikia, mheshimiwa. Lakini kutokuwapo hakuandikwi. Kumbukumbu zinasema nchi zote zilikubali."

Nje Salka alikuwa akitembea upesi, kitambaa chake kikiburutika. Yeslem akamfikia.

"Nimekutungia uongo mzuri, ukauvunja," alisema bila kugeuka.

"Sikustahili."

"Nani aliyesema juu ya kustahili? Wewe umejitua mzigo wako mle ndani. Mimi narudi nao nyumbani. Wale wanawake nitawaambia nini? Kwamba bahari iingie tu, kwa sababu Serikali ilipata marafiki?"

Basi la kwenda uwanja wa ndege likaja. Salka akapanda kwanza, akakaa dirishani, akauweka mfuko wake juu ya kiti cha pembeni. Yeslem alisimama hapo kidogo, kisha akapita, akaenda kukaa nyuma.