Mbao Mbichi Kutoka Nyumba ya Zamani

Admin, nifiche kabisa, bwanangu pia anafuata huu ukurasa. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, watoto wawili, naishi mtaa wa Dallas hapa Embu. Nyuma ya nyumba niko na mashine ya kukereza mbao, natengeneza mabakuli na vinara. Wateja wananijua kwa kitu kimoja: sigusi mti wa msituni. Mimi ni ile miti ya kigeni ya kupandwa tu, mukima yaani grevillea, jakaranda, avokado iliyozeeka, na lazima nijue imetoka shamba la nani. Nimewaahidi kwa mdomo wangu, ndio maana wananiamini.

Sasa bwanangu ni dereva wa lori, hubeba viazi kutoka kwao Kibirichia. Juzi akaniletea mbao nene chini ya magunia. Nikamuuliza, "Baba Kendi, hii ni mti gani?" Akasema, "Tumebomoa ile nyumba ya zamani ya babu. Badala zichomwe kuni, si bora utumie wewe?"

Wacha niseme ukweli, nilifurahi. Lakini nilipofunga kipande kwa mashine nikakigusa na patasi, wueh! Maji yalinirukia usoni. Maranda yakatoka marefu, yamelowa, na harufu kama ya dawa ya kifua ikajaa kila mahali. Jamani, mbao iliyokaa kwa nyumba tangu enzi za babu hutoa vumbi, haitoi maji! Hata tundu la msumari sikuona. Hiyo harufu naijua, ni muthaiti, ule mti wa kafuri, na huko kwao uko msituni tu, kuukata ni kosa. Nikazima mashine.

Nikampigia mama mkwe, nikajifanya namsalimia. "Mum, poleni na kazi ya kubomoa nyumba ya babu." Akacheka sana. "Kubomoa gani, mwanangu? Si ndiyo hii niko ndani napika chai!"

Nikaanza kumchunguza bwanangu. Jumapili tukitoka kanisani akapokea simu, akasimama kando ya ukuta, hakujua niko upande ule mwingine. Nikamsikia, "Wasiwasi ya nini? Mzigo ni wa bibi. Mashine ni yake, biashara iko na jina lake. Mimi ni dereva tu." Aki! Huyu ni mtu nimezaa naye! Na jioni hiyo akaniuliza kwa upole, "Mbona hukerezi zile mbao, mama?" Huo upole ndio unaniogopesha.

Nikimripoti, watoto watakua wakijua mimi ndiye nilifunga baba yao. Nikinyamaza, askari wa misitu watanikuta mimi na mbao, yeye yuko barabarani na viazi vyake. Mtaniambia niongee naye. Niongee naye, na ameshapanga nani ataingia ndani?

Sasa hivi ametuma ujumbe: lori imejaa mbao zingine, kesho asubuhi nimfungulie geti. Ndugu zangu, nipeni mawazo kabla hajafika. Nimfungulie ama nisimfungulie?