Mama anataka kumwona baba Jumamosi

Naomba mnifiche jina na sura, maana nusu ya Embu wanafuata ukurasa huu na wengine wao ni wapangaji wangu. Nina miaka arobaini na sita, nina mke na watoto watatu. Kazi yangu ni kununua ardhi, kujenga na kupangisha. Nilianza kwa kuuza mitumba na leo nina nyumba sehemu nne. Sisemi hivyo kwa kujigamba, ingawa hata nikijigamba ni haki yangu.

Kabla hamjanitukana, msikilizeni mtu anayejua soko. Watu wetu wa Mbeere wanakalia utajiri huku wakilima mbaazi. Mvua ikikosa wanalia, bei ya muguka, yale majani ya kutafuna, ikianguka wanalia. Lami ikipita mlangoni wanauza nusu ekari kwa mtu wa Nairobi, wananunua pikipiki, na baada ya mwaka pikipiki ni chuma chakavu. Mimi nilikataa ujinga huo. Mwalimu mgeni na kijana wa benki lazima walale mahali, na mwisho wa mwezi watalipa, jua liwake au mvua inyeshe. Ardhi isiyoleta kodi ni mzigo tu. Hiyo ndiyo imani yangu. Kanisani huwa naenda kwa sababu mke wangu anataka.

Sasa kisa chenyewe. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Alizikwa kwenye shamba letu kule Gachoka, kwenye kona ya juu karibu na barabara. Mama akanisomesha kwa muguka, akichuma tangu asubuhi mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Barabara ilipowekwa lami nilimwomba shamba lihamishiwe jina langu ili nijenge. Siku ya nne akakubali.

Mnajua ardhi haihamishwi bila familia kufika mbele ya bodi ya ardhi. Tulienda. Mama alivaa kitambaa chake cha kanisa. Mwenyekiti akamuuliza kama amekubali kwa hiari yake.

"Nimekubali. Ni mtoto wangu mmoja, nitampatia nani mwingine? Lakini ile kona ya baba yake isiguswe."

Mwenyekiti akanigeukia. "Kijana, umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Hakuna aliyeandika.

Nilimhamishia mama kwangu Embu mjini, nikaanza ujenzi. Fundi alipopima akaniambia shimo la choo tukiliweka nyuma, tunapoteza nyumba mbili. Nikatazama ile kona. Msalaba wa mbao ulikuwa umeliwa na mchwa zamani, kumebaki rundo la udongo na maua aliyopanda mama. Nikafikiria nyumba mbili, kila mwezi, maisha yangu yote. Nikamwambia achimbe hapo hapo.

Siku ya pili akanipigia simu. "Bosi, kuna mbao hapa chini. Na vitu vingine."

"Vitu gani?"

"Bosi, si wewe unajua."

"Najua. Chimba."

Vijana wawili waliacha kazi siku hiyo hiyo. Waliobaki niliwaongezea kitu kidogo. Walichotoa walikifunga kwa gunia la simiti wakakifukia nyuma ya ukuta. Sikuuliza upande gani. Jioni hiyo nilikula vizuri na nikalala usingizi. Mama nilimwambia nimeizungushia ile kona ua mzuri wa mawe, akaniwekea mkono kichwani akasema Mungu aniongezee. Na kusema kweli, aliniongezea.

Hiyo ni miaka minne iliyopita. Sasa mama ni mgonjwa. Daktari amesema tumpeleke nyumbani tumpe anachopenda kula. Macho nayo yamekwisha, anaona kivuli tu. Na kitu anachotaka si chakula.

"Nipeleke nisalimie baba yako," ananiambia kila asubuhi. "Nataka kung'oa magugu kabla sijalala hapo. Mtaniweka mkono wake wa kushoto. Nilimwachia nafasi."

Nilimwambia barabara ni mbaya. Akacheka. "Si wewe ulisema lami ilifika?"

Akina mama wa kanisa wamesikia. Wamepanga kumsindikiza Jumamosi hii, pamoja na mchungaji, wafanye maombi hapo kaburini. Mke wangu nilimweleza ukweli juzi tu. Akaniambia, "Mwambie mama yako, ama nitamwambia mimi," na tangu siku hiyo ananiwekea chakula mezani na kuondoka.

Naona aibu, sitawaficha. Nimelia ndani ya gari nikiwa nimeegesha pale pale Gachoka, wapangaji wakinisalimia kwa heshima. Nimewaza kumwambia, lakini naogopa maneno hayo yatammaliza kabla ya ugonjwa. Na nikimwambia, nitampeleka kuona nini? Mfuniko wa choo?

Nilimpigia yule fundi. Anasema kwa siku mbili anaweza kujenga kaburi zuri la simiti na vigae upande wa geti, aandike jina la baba, apande na maua. Mama haoni. Atapapasa vigae, ataongea na mume wake, ataimba na wenzake, na chini yake hakutakuwa na mtu. Halafu siku yake ikifika nitamlaza hapo, mkono wa kushoto wa hewa.

Nishaurini, nifanye nini? Nimwambie ukweli akafe akinilaani, ama nimdanganye akafe akinibariki? Wa kuniambia nibomoe msijisumbue, nyumba zote zina watu. Ila nijibuni leo. Fundi anasubiri simu yangu, anataka kujua kama ajenge kaburi moja ama mawili, maana anasema simiti ni afadhali kukoroga mara moja.