Mlio Ambao Zefania Hakuusikia

Zefania Msengi alikuwa fundi magari wa Mandewa, mtu wa Iramba, mrefu na mkimya. Kazi aliipata ujanani kwenye migodi ya dhahabu ya Sekenke, akihudumia injini iliyozungusha kinu cha kusaga mawe. Migodi ilipofungwa alihamia mtaa huo wa Mandewa, Singida mjini, akajenga banda la mabati ubavuni mwa nyumba yake, akawa anatengeneza malori, Land Rover na chochote chenye magurudumu.

Mwaka 1974, watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, mke wake Dorika alirudi Iramba. Shamba lao lilihitaji mtu wa kulishika, la sivyo lingegawiwa wengine. Walikubaliana kuwa ni kwa muda tu. Binti yao Kristina alikuwa ameolewa Tabora. Basi Zefania akabaki na banda lake. Jioni alisonga ugali wa mtama, akala peke yake mlangoni, akaosha sufuria, akalala. Alipokwenda kumtembelea Dorika alimkuta amebadilika, anaongea kwa kunong'ona kama mtu asiyetaka kusikika. Zefania akaona amekuwa mgeni kwa mkewe mwenyewe. Safari zikapungua.

Miaka miwili baadaye Idrissa alimletea gari lake aina ya Pijo. Idrissa alikuwa kijana mchangamfu aliyebeba abiria kati ya Singida na stesheni ya Manyoni. Pedi za breki za mbele zilikuwa zimelika karibu kufikia chuma, na diski zimechimbika mifereji. Alikwisha kuagiza pedi na diski mpya kutoka Dar es Salaam. Zefania akazifunga, akalijaribu gari, likasimama vizuri.

Kesho yake Idrissa akarudi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Vipi tena?"

"Breki zinalia. Nikikanyaga kidogo tu zinapiga kelele, abiria wanaziba masikio."

Wakaingia garini wote wawili, wakaenda mpaka njia ya Manyoni. Idrissa akakanyaga breki.

"Umesikia?"

"Nini?"

Akakanyaga tena. Zefania alisikia injini na kokoto chini ya matairi, basi. Moyoni akasema kijana huyu anatafuta sababu. Hata hivyo hakutaka ugomvi. Aliporudi alifungua magurudumu ya mbele, akafuta diski kwa petroli, maana mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, kisha akazisugua pedi kwa msasa. Idrissa akaondoka akishukuru.

Siku ya tatu alikuwa mlangoni tena. Safari hii hakucheka.

"Fundi, bado."

Wakatoka tena. Karibu na bomba la maji kulikuwa na akina mama wanapanga ndoo, na punda amesimama kando na madumu yake. Idrissa alipunguza mwendo taratibu. Zefania alikuwa akitazama nje. Akaona punda anasimamisha masikio na kurudi nyuma. Akaona akina mama wote wanageuka kwa pamoja, na mmoja amekunja uso. Akamtazama Idrissa, naye alikuwa ameuma meno.

Ndani ya kichwa cha Zefania palikuwa kimya.

Wakarudi bandani, Zefania akashuka. Alikaa juu ya tairi kuukuu, mikono magotini. Idrissa akadhani amekasirika.

"Fundi, kama imeshindikana, niambie tu. Sitakulaumu."

"Idrissa, mlio huo ukoje?"

"Ukoje? Mwembamba. Kama filimbi."

"Mimi siusikii."

"Husikii vipi?"

"Sauti yako naisikia. Injini naisikia. Hiyo filimbi siisikii kabisa." Akajigusa sikio. "Hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Labda ni kile kinu cha Sekenke, labda ni umri. Sijui. Leo ndiyo nimejua."

Idrissa akavua koti lake na kulitundika kwenye msumari.

"Sasa tufanyeje?"

"Niazime masikio yako."

Wakaanza upya. Zefania alirudisha pedi za zamani upande wa kulia, kwa majaribio ya taratibu tu. Idrissa akaliendesha gari mpaka njia panda na kurudi.

"Bado linalia."

Akazirudisha pedi mpya kulia, akahamishia zile za zamani kushoto. Idrissa alipofika njia panda, alitoa mkono dirishani akaupunga.

"Kimya!"

Ubovu ulikuwa kushoto. Zefania akazitoa pedi mpya za upande ule, akazigeuza kwenye mwanga. Mgongoni mwa moja, pale chuma kilipokutana na chuma, palikuwa na alama ndogo inayong'aa. Akapapasa kwa kidole gumba. Pedi ilikuwa inacheza mahali pake, inatetemeka kila inapobanwa. Akakumbuka: nyuma ya pedi za zamani kulikuwa na vibati vyembamba, na cha pale kilikuwa kimeoza kwa kutu. Alikuwa amekitupa, na kwenye boksi la pedi mpya hakikuwemo kingine.

Alikata bati jembamba kwa kipimo cha kile cha upande wa kulia, akalisawazisha kwa tupa. Akapaka grisi kiasi mgongoni mwa pedi, mbali na sehemu inayogusa diski, akafunga. Idrissa akaenda, akakanyaga, akarudi anacheka.

"Imekwisha, fundi! Imekwisha kabisa!"

Zefania akaitikia kwa kichwa. Kwake yeye hakuna kilichobadilika.

Jumamosi iliyofuata alipanda basi la Iramba. Alimkuta Dorika anapepeta uwele uani. Akaketi karibu naye, akasubiri ungo utulie.

"Mama Kristina, masikio yangu yamekufa nusu. Naomba unitazame ukiongea."

Dorika akaweka ungo chini.

"Tangu lini?"

"Sijui. Nilidhani wewe ndiye unanong'ona."

Dorika akainua uso na kusema polepole, kila neno peke yake.

"Mwaka jana ulipokuwa unaondoka, nilikuuliza kama unataka nirudi tukae wote mjini. Ulitabasamu ukapanda basi. Nikajua umenichoka."

Zefania alitazama midomo yake hadi ilipofunga.

"Na sasa, ungerudi?"

"Sasa namlea mama, hajiwezi. Na shamba nimeshalizoea."

Alilala huko siku mbili, akakarabati mlango wa ghala, kisha akarudi Mandewa kwenye kazi yake. Tangu hapo kila gari lililoletwa kwa sababu ya kelele, alimwomba mwenyewe aketi naye, amwelezee sauti ilivyo. Wengine walicheka, wengine wakapeleka magari kwingine. Idrissa aliendelea kupita akitoka Manyoni, akisimama mbele yake uso kwa uso kumsalimia, halafu akawahi abiria wake. Jioni Zefania alifunga banda, akawasha jiko, akasonga ugali wa mtu mmoja.